Bamvua na maji mafu: maneno ya kujua kabla ya kuchagua pa kukaa Unguja

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Kila mvuvi wa Unguja anaishi kwa maneno haya mawili, lakini ni nadra kuyakuta kwenye tangazo la hoteli. Ndiyo yanayoamua kama asubuhi utaogelea mbele ya chumba chako au utakuta mchanga mtupu na vijiti vya mwani hadi upeo wa macho. Mtu anayepanga likizo ya kisiwani huanza na bei, kisha picha. Kwa Unguja tunashauri aanze na maji.

Bahari hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Mwezi ndio unaovuta zaidi, na jua linasaidia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, viwili hivyo viko kwenye mstari mmoja na dunia, mivuto inajumlishana, tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande mwingine na kupunguza nguvu ya mwezi, maji yanakuwa mafu. Bahari huchelewa siku moja au mbili kuufuata mwezi, kwa hiyo anayehesabu kalenda ya Kiislamu atakuta bamvua lenye nguvu karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, na maji mafu karibu na tarehe 8 na 23. Mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba.

Kwa Unguja, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa siku ya bamvua kubwa hukaribia mita 4. Siku ya maji mafu ni mita 1 hivi. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya visiwa vya Karibi, ambako mahali pengi bahari hupanda na kushuka chini ya nusu mita, hautakufaa hapa.

Sasa, jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Husikia kwamba "mashariki maji yanapwa, kaskazini hayapwi." Maji yanapwa kisiwa kizima, kwa kimo kinachokaribiana sana. Kinachotofautiana ni mteremko wa chini ya bahari. Chukua maji yaliyoshuka mita 3. Pale ambapo sakafu ya bahari inashuka mita 1 kwa kila hatua ya mita 10, ukingo wa maji utarudi nyuma mita 30 tu, na bado utaogelea. Pale ambapo inashuka mita 1 kwa kila mita 300, ukingo utakwenda mita 900. Maji ni yale yale, lakini hizo ni likizo mbili tofauti kabisa.

Kendwa, na Nungwi ya upande wa magharibi, huko ncha ya kaskazini, ziko kwenye mteremko wa kwanza. Kina kipo karibu, unaogelea saa yoyote, na jua linazama mbele yako baharini. Lakini jina Nungwi peke yake halitoshi: ukizunguka rasi ukafika upande wa mashariki wa kijiji, mwamba wa matumbawe unaopasua mawimbi uko mbali na maji yanakimbia kama kwingine kokote mashariki. Hoteli mbili zenye anwani ya Nungwi zinaweza kuwa na bahari mbili zisizofanana. Na wakati maji ya bamvua yamejaa, ufukwe mwembamba wa upande wa magharibi unaweza kubaki kipande kidogo, hasa mbele ya kuta zilizojengwa karibu mno na bahari.

Mashariki, kuanzia Matemwe kupitia Pwani Mchangani, Kiwengwa, Uroa, Bwejuu na Paje hadi Jambiani, mwamba wa matumbawe unakaa mbali na nchi kavu, na kati yake na ufukwe kuna uwanda wa kina kifupi. Maji yakijaa, uwanda huo ni bahari tulivu ya rangi ya feruzi ambayo picha zote za matangazo zimepigiwa. Maji yakipwa siku ya bamvua, unageuka shamba. Hapo ndipo wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, hufanya kazi yao; kilimo hicho cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989. Kwetu sisi, kutembea kwenye uwanda huo asubuhi ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote kisiwani, mradi usikanyage kamba za mwani. Mgeni aliyekuja kuogelea tu ndiye anayeumia, kwa sababu hakuambiwa.

Saa nazo zina utaratibu ambao ukishaujua hauhitaji kukariri jedwali la saa na vimo vya maji. Siku za bamvua, Unguja hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, lakini kushuka kwenyewe ni kidogo. Kwa hiyo mgeni anayekaa mashariki kwa siku nne tu, akizipata za bamvua, ataogelea alasiri na kutembea asubuhi. Akizipata za maji mafu atakuwa na maji ya wastani karibu mchana kutwa, ila yasiyojaa vizuri wala kukupwa vizuri, na hatauona mwamba. Mwenye siku saba au zaidi ataonja hali zote mbili, popote atakapokaa.

Jedwali la maji husomwa hivi. Tazama kimo cha juu na cha chini cha siku moja, kisha toa. Likiandika 3.8 na 0.3, tofauti ni mita 3.5, hilo ni bamvua. Likiandika 2.6 na 1.5, ni maji mafu. Ukikuta saa 16:40, ni saa kumi na dakika arobaini jioni kwa saa zetu. Kosa la saa sita limewaharibia watu wengi safari ya chombo.

Hatari halisi iko kwenye kutembea hadi mwambani. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kukupwa linaingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, na mtu anadhani ana muda. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Isitoshe, uwanda si tambarare: maji hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufukwe, kwa hiyo unaweza kusimama pakavu huku nyuma yako pameshakuwa kifuani. Anza kwenda saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, geuka mara yanapoanza kurudi, vaa viatu vya maji kwa sababu ya viumbe weusi wa miiba mirefu wanaokaa chini ya maji (kwa Kiingereza sea urchins), na kaa mbali na milango ya mwamba, yaani mapengo yake, ambako mkondo unatoka kwa nguvu maji yanapopwa.

Mwenye watoto wadogo asiikimbie mashariki haraka. Maji ya magotini, ya moto na yasiyo na mawimbi, yanamfaa mtoto kuliko kina cha ghafla, ikiwa hoteli ina bwawa la kuogelea kwa saa za kupwa. Anayetaka kujifunza kuteleza majini kwa tiara (kitesurfing), Paje inampa uwanda huo huo pamoja na upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba na wa kaskazi wa Desemba hadi Februari. Anayetaka kuogelea alfajiri na usiku kila siku bila kuuliza mwezi, Kendwa ndiyo jibu, na akubali watu wengi.

Kabla ya kulipa, fungua ramani ya setilaiti na upime umbali kutoka mbele ya hoteli hadi mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka. Huo ndio mwamba. Kisha usiwaulize wenye hoteli kama ufukwe ni mzuri, maana watasema ni mzuri. Waulize hivi: siku ya bamvua, saa tano asubuhi, natembea mita ngapi hadi maji yanifike kifuani?