Mji wa Kubuni Katika Gemu: Maana Yake, Tukianzia Kisumu

Mji wa kubuni ni mji usiokuwepo kwenye ramani yoyote, uliojengwa na mchezaji ndani ya kompyuta, ila ukiutazama unahisi kama uliwahi kushuka matatu pale. Hauitwi Kisumu wala Nakuru. Barabara zake si za mji wowote unaoujua. Lakini kuna kitu ndani yake kinachokwambia kwamba mji huu uko kando ya ziwa, kwamba treni ilifika kabla ya lami, na kwamba watu wake hununua samaki na mboga jioni wakirudi nyumbani.

Wengi huuchanganya na nakala. Nakala ni kufungua picha ya setilaiti ya Kisumu na kuifuata mtaa kwa mtaa: Barabara ya Oginga Odinga hapa, Soko la Kibuye pale, daraja la juu la Kondele vilevile lilivyo. Ni kazi ya subira na naiheshimu. Anayebuni haazimi majengo. Anaazima sababu. Anauliza kwa nini Kisumu ilikaa pale ilipokaa, kisha anaipeleka sababu hiyo kwenye ardhi nyingine na kuiacha izae mji wake.

Gemu zenyewe zina historia inayofanana na hilo. Mmarekani Will Wright alikuwa akitengeneza gemu ya helikopta ya kulipua visiwa, iliyotoka mwaka 1984, akagundua kwamba kuvichora visiwa vile kunampendeza kuliko kuvilipua. Humo ndimo ilimotoka SimCity ya 1989. Wachezaji wengi wa leo wanaijua zaidi Cities: Skylines ya 2015, iliyotengenezwa Ufini. Zote mbili huanza kwa namna moja: unapewa ardhi tupu, unachora barabara, unapaka rangi kanda za makaazi, biashara na viwanda, halafu watu wanahamia wenyewe.

Sasa turudi kwenye sababu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mahali ilipokomea pakaitwa Port Florence. Ilikoma kwa sababu mbele yake palikuwa na maji, na mzigo wa Uganda ulipaswa kupanda meli. Popote mzigo unapohama kutoka chombo kimoja hadi kingine, pana haja ya wapakuaji, makarani, maghala, mafundi, na mtu wa kuwapikia wote hao. Miaka ya 1960 ikaja meli ya MV Uhuru, yenye reli humo humo ndani, mabehewa yakiingizwa mazima bila kupakuliwa. Na kabla ya Mwingereza kufika, wenyeji husimulia kwamba jina Kisumu latokana na watu kuja pale kubadilishana mali kwa chakula. Kwa hiyo pale pana sababu juu ya sababu.

Ukitaka mji wenye asili kama hiyo, anza na ziwa. Lete reli kutoka nchi kavu na uiache ife kwenye gati. Njia ya kwanza itoke stesheni, ghala zikae ubavuni, soko lisogee mbali kidogo. Mji utakua kwa nusu duara, maana upande mmoja ni maji, na kila anayetoka mashariki kwenda kaskazini atapitia katikati. Msongamano utakaouona hapo hukuuweka wewe, umeletwa na ziwa.

Desemba iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alinionyesha mji wake akiwa na wasiwasi. Alikuwa amechora ghuba nzuri sana yenye mdomo mwembamba, na nyumba zote za ukingoni zilikuwa na alama ya wagonjwa juu ya paa. Pampu ya maji ya kunywa ilikuwa ndani ya ghuba, na bomba la maji taka pia.

"Anko, nimelisogeza bomba mara mbili. Bado wanaugua."

Tulifungua ule mwonekano unaoonyesha hali ya maji. Uchafu ulikuwa umetanda ghuba nzima kwa rangi ya kahawia na haukuwa na pa kwenda, kwa sababu mdomo ulikuwa mwembamba na hakukuwa na mkondo wa kuusukuma. Nikamwambia hiyo ndiyo Ghuba ya Winam, ambayo inaungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba kule karibu na Rusinga, na ndiyo maana gugumaji likiingia Kisumu hukaa. Maji ya mji huvutwa upande wa Dunga, na Mto Kisat huingia ziwani jirani na bandari, yote ndani ya ghuba ileile. Kijana alinyamaza akitazama kioo. Hakuna somo la jiografia ambalo limewahi kumkaza macho namna ile.

Kuna jambo moja ambalo gemu haikupi hata kidogo, nalo ndilo ninalolijali zaidi: ardhi ya gemu haina mwenyewe. Unapaka rangi na watu wanakuja. Kisumu haikuwa hivyo. Mji wa wakoloni ulipangwa ndani ya mpaka wake, kila jamii na upande wake, na nje ya mpaka huo kulikuwa na maboma ya watu kwenye ardhi ya babu zao. Mpaka ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Manyatta na Nyalenda ziliingia mjini zikiwa na wenyewe tayari. Ndiyo maana ukipita Nyalenda leo huoni mistari iliyonyooka. Unapita uchochoro uliokuwa njia ya ng'ombe, ubavuni pana vyumba kumi vya kupanga vya mabati, mbele pana kibanda cha nyanya na omena, na uani kuna kaburi la mzee, kwa kuwa Mjaluo huzikwa nyumbani kwake. Barabara mpya italizungukaje hilo?

Mimi hujiwekea sheria: nachora vijia vya miguu kwanza, natawanya nyumba chache kandokando yake, kisha najikataza kubomoa hata moja. Mji unapofika hapo, barabara kubwa inalazimika kupinda. Inachosha, na magari yanajazana, lakini mtaa unaotokea una sura ya mahali ambapo watu wameishi. Kwa kuwa gemu nyingi hutenganisha duka na nyumba, napaka vipande vyembamba vya biashara na makaazi kwa kupokezana, angalau duka liwe mlangoni pa mtu.

Nakuru ingekupa mji tofauti kabisa kwa sababu nyingine. Kaskazini kuna kasoko ya Menengai, kusini kuna ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, na mji umebanwa katikati, ukinyooka kufuata barabara kuu. Ziwa kama hilo mvua ikizidi halina la kufanya ila kupanda, na ndilo lililolifunika lango la zamani la hifadhi. Kwenye gemu, liachie ziwa la aina hiyo nafasi ya kutosha kabla hujapaka rangi ya makaazi.

Hata jina hufuata sababu. Nakuru husemwa limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Mji wa mpwa wangu ulikuwa na jina la Kiingereza alilopewa na gemu yenyewe. Baada ya kulipeleka bomba nje ya mdomo wa ghuba na alama za wagonjwa kuanza kupungua paa kwa paa, alilifuta lile jina akaandika Gatini, mahali reli ilipokomea. Halafu akaniomba nimsaidie kutafuta pa kuweka soko.