Kwotabeki mgeni hapimwi kwa msimu mmoja

Wafuatiliaji wa futiboli ya Kimarekani wana imani ya siku nyingi: kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) mwenye kipaji huonekana mwaka wake wa kwanza, na akiboronga basi ni garasa. Rekodi zinasema vingine.

Peyton Manning alianza Indianapolis mwaka 1998. Pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, timu ikashinda mechi 3 kati ya 16. Mwaka uliofuata ilishinda 13, yeye yule akirusha mpira.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jared Goff. Mwaka 2016 alianzishwa mechi 7 akiwa na klabu ya Rams, akapoteza zote, na watu wakamzika mapema. Mwaka 2017 klabu ikamleta kocha Sean McVay, kijana wa miaka 30, ikamsajili Andrew Whitworth, mkongwe wa kulinda upande wa kushoto, ule ambao kwotabeki wa mkono wa kulia hauoni anaporudi nyuma kurusha. Rams wakashinda mechi 11. Msimu wa pili wa McVay wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na Patriots.

Ulinzi huo si jambo dogo. Kwotabeki David Carr aliangushwa na wapinzani kabla ya kurusha mara 76 mwaka 2002, Houston Texans ikiwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Pasi inahitaji sekunde mbili tatu za kusoma uwanja. Yeye alizitumia kukimbia. Wapo wanaong'ara mara moja, kama C.J. Stroud mwaka 2023, lakini hao ni wachache.