Jina la mzee limekosewa kwenye karatasi za jeshi? Usiliguse kwa peni

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Mbeya, mvua ilikuwa inanyesha toka alfajiri, katokea Rungwe ndani ndani huko na karatasi za marehemu mumewe kazibeba kwenye bati la biskuti limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikamwambia ugonile juba, akaitikia, akakaa, akafungua bati. Harufu ya moshi ikajaa chumba kizima maana bati lilikuwa linakaa darini juu ya mafiga, na kwa kweli moshi huohuo ndo uliozuia zile karatasi zisioze, kwa mvua za Rungwe karatasi ukiiacha sandukuni inaota ukungu. Akanipa cheti cha mzee cha kumaliza jeshi. Kimepigwa taipu, wino mweusi umefifia, jina la kwanza limeandikwa Anyosise. Halafu kati ya s na e pamechomekwa y ndogo ya peni ya bluu.

Nikamuuliza nani kaiweka hii. Akasema, "Mjukuu wangu mwanangu. Aliona wamekosea jina la babu yake akawasaidia."

Hiyo y moja ilitusumbua miezi mingi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ya kila siku ni karatasi za wastaafu na wajane wao, na kama kuna jambo moja natamani kila familia yenye mwanajeshi mstaafu ilijue ni hili: kosa la karani lina dawa, ila likishaguswa kwa mkono wa nyumbani linageuka kuwa kesi. Kabla ya ile y, yule mama alikuwa na cheti halali chenye kosa la tahajia. Baada ya ile y ana cheti ambacho ofisa yeyote akikishika anajiuliza na hapa kwingine wamebadilisha nini. Ofisi ya kwanza aliyokwenda walimrudishia palepale dirishani bila hata kumwambia sababu.

Sasa haya makosa yanatoka wapi. Fikiria kijana wa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena anaingia jeshini miaka ya sabini, anafika mbele ya karani ambaye kazaliwa pwani au kanda ya ziwa, anaulizwa jina, anataja, yule anaandika alivyosikia. Ambakisye anakuwa Ambakise, Mwakyusa anakuwa Mwakiusa, Lusajo anakuwa Rusajo. Kijana mwenyewe ana haraka na ana woga, hasomi tena kilichoandikwa, anasaini. Wengine waliingia na jina la nyumbani wakabatizwa baadaye, au waliandikisha jina la baba na miaka ya mbele wakawa wanatumia la ukoo. Na tarehe za kuzaliwa ndo usiseme, mtu alijua kazaliwa mwaka wa njaa au mwaka mdogo wake fulani alipofariki, karani akapiga hesabu yake akaandika mwaka, leo NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika mwingine. Ukitaka kujua haraka NIDA wana tarehe gani angalia namba yenyewe ya kitambulisho, ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ndo mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Lakini kuna vitu watu wanavikimbilia kuvirekebisha na wala sio makosa. Mzee wa Mbozi karatasi zake za jeshi zinasema Mkoa wa Mbeya, kitambulisho kinasema Songwe, watoto wanahangaika kutafuta wakili. Hapana jamani. Songwe imekatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mzee alipojiandikisha ilikuwa Mbeya na karatasi iko sahihi kabisa. Hivyohivyo kwa watu wa Makete, Ludewa na Wanging'ombe, mkoa wa Njombe umeanza 2012, kabla ya hapo wote waliandikwa Iringa. Na zile hamahama za vijiji vya Ujamaa miaka ya sabini zilibadilisha majina ya mahali kibao. Hayo yanaelezwa kwa sentensi moja tu kwenye barua, usilipe hela ya mtu kwa ajili hiyo.

Kosa lenyewe ukishaliona, watu wengi wanafanya kinyume. Wanakimbilia afidaviti kwa wakili, wanaapa kwamba Anyosise na Anyosisye ni mtu mmoja, wanaona kazi imekwisha. Kiapo kina kazi yake na ofisi nyingi zitakidai, ila kiapo cha mwaka huu kinasema tu kile ambacho wewe leo unataka kiaminiwe, na wewe leo una maslahi. Kinachokipa nguvu ni karatasi ya zamani iliyoandikwa kabla hakujawa na mafao ya kugombania, na mtu ambaye hakujua kama siku moja litazuka suala hili. Hiyo ndo ya kutafuta kwanza, afidaviti ifuate nyuma.

Na huku kwetu karatasi za zamani zipo kuliko watu wanavyodhani. Kanisa la Moravian limeanza Rungwe mwaka 1891, kuna madaftari ya ubatizo na ndoa ambayo yaliandika jina la mtu miaka mingi kabla hajavaa gwanda. Walutheri na Wakatoliki nao wanayo ya kwao. Kuna cheti cha kumaliza shule ya msingi, kuna stakabadhi za kodi, kuna kadi ya TANU, na hii kadi naipenda sana kwa sababu inajitaja umri wenyewe, TANU ilikoma 5 Februari 1977 CCM ilipozaliwa, kwa hiyo kadi ya TANU haiwezi kuwa imetengenezwa jana. Kuna karatasi za mshahara, kuna kitabu cha benki, kuna picha ya kuhitimu mafunzo yenye maandishi nyuma. Usitupe hata kimoja.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 12 Julai 1973 jengo lao la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis liliungua, mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, na yalikuwa hayana nakala. Wastaafu wakaanza kujengewa upya historia zao kutoka kwenye hati za malipo, karatasi za hospitali na madai waliyowahi kupeleka sehemu nyingine. Mpaka leo mstaafu wa kule akikuta kosa dogo dogo kwenye cheti chake cha kumaliza jeshi anaandika tu kuomba lirekebishwe, lile zito ndo analipeleka kwenye bodi ya marekebisho akiwa na ushahidi wake mkononi, na anatakiwa apeleke ndani ya miaka 3 toka alipoligundua, ingawa bodi inaweza kumsamehe kuchelewa kama haki inadai. Nimeitaja hiyo kwa sababu wastaafu wa huku wengi wanaona faili lisipopatikana basi wamekwisha. Faili moja likipotea maisha ya mtu yanakuwa bado yameandikwa sehemu nyingine kumi.

Hapa ndo mashahidi wanapoingia, na hapa pia ndo watu wanapoharibu. Unaletewa maelezo ya shahidi yamejaa "namfahamu vizuri ni mtu mwema mcha Mungu". Hiyo haisaidii kitu. Nilikuwa na mzee mmoja wa Kilolo, karatasi yake inasema aliingia jeshini Agosti 1979, yeye anasema alipigana Uganda kwenye vita vya kumng'oa Idi Amin. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, kwa hiyo kwa karatasi ile mzee alionekana muongo. Tukampata mwenzake aliyekaa naye handaki moja, nikamwambia babu usiniambie tabia yake, niambie mlikuwa wapi, kombania gani, mkubwa wenu alikuwa nani, nani aliumia. Akaelezea Lukaya, usiku, barabara iliyopita kwenye matope, walivyorudi nyuma wakajipanga upya asubuhi. Vita vya Lukaya vilikuwa 10 na 11 Machi 1979. Sasa hapo una shahidi anayeweza kupimwa, ofisa anaweza kuchukua maneno yake akayalinganisha na kumbukumbu za kikosi. Kumbe mzee alikwenda kama mgambo, ile Agosti ni pale alipoandikishwa rasmi. Kwa waliokwenda kwa njia ya mgambo ukianzia kwa mshauri wa mgambo wa wilaya utaokoa nauli nyingi.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Andika jina na namba ya jeshi ya mzee, kwa askari inaanza na MT na kwa maofisa ni P, hiyo namba ndo itakayovuta faili hata jina likiwa limekosewa mara tatu. Sema nini kimeandikwa, kwenye karatasi gani, kilitakiwa kiweje, na kiambatanisho gani kinaonyesha hivyo. Kosa moja aya moja. Barua ya kumbukumbu za utumishi inakwenda Makao Makuu ya Jeshi, mambo ya pensheni yenyewe yako Hazina na unaweza kuanzia Hazina ndogo hapa mkoani. Usichanganye barua mbili kuwa moja, kila ofisi itasubiri mwenzake. Peleka nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, orijino zibaki nyumbani, na ile nakala yako ya barua idai igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Na tafadhali msilamineti vyeti vya zamani, najua stashoneri wanafanya kwa bei rahisi na kinapendeza, ila ofisa akitaka kugusa muhuri au kuangalia wino hawezi tena. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, japo kwenye usalama wa taifa ina mipaka, itaje kwa heshima mwishoni.

Akipiga mtu simu anasema yuko Hazina, tuma hela nikuharakishie faili, kata simu.

Kwa wajane naomba nikae kidogo. Wengi wanakuja mzee ameshafariki, na hapo ugumu unaongezeka kwa sababu shahidi mkuu wa jina lake alikuwa yeye mwenyewe. Mahakama ya Mwanzo inamteua msimamizi wa mirathi kwa jina lililoandikwa kwenye cheti cha kifo, jeshini lipo lingine, kwenye cheti cha ndoa la tatu. Rekebisheni kabla. Mzee akiwa hai kaa naye jioni moja muulize nani kaandikwa kama mke na nani kama watoto, maana kuna waliojiandikisha wakiwa hawajaoa na hawakurudi tena kuongeza mtu. Swali linauma, hasa palipo na nyumba mbili, lakini nimeshaona watoto wa nyumba mbili wakikaa meza moja kwa amani kwa sababu baba yao aliandika majina yao wote mapema.

Turudi kwa mama wa Rungwe. Ile y hatukuifuta. Mjukuu, kijana wa kidato cha tatu, aliandika maelezo kwa mkono wake kwamba ni yeye aliiweka, siku gani na kwa nini, mzazi wake akasaini pembeni. Tukaenda kanisani, mzee wa kanisa akashusha daftari la ubatizo kutoka juu ya kabati, akalipangusa kwa mkono wa koti, akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka akasimama. Wino wa kalamu ya kuchovya, Anyosisye, na jina la baba yake mbele. Mama hasomi, akaniuliza y iko wapi, nikamwonyesha, akaiwekea kidole juu akakaa nacho hapo kwa muda. Majibu ya kukubali jina lirekebishwe yalipokuja alikuja kuyachukua mwenyewe akiwa na lile bati.