Je, wajua kwa nini kompyuta mpya ya Linux haiijui VS Code, kihariri cha Microsoft cha kuandikia programu?

Washa Debian au Ubuntu iliyosakinishwa leo, fungua terminali, andika `sudo apt install code`. Jibu litakuja hivi: `E: Unable to locate package code`, yaani kifurushi chenye jina hilo hakipatikani. Wengi hudhani wamekosea herufi au intaneti imekatika. Sivyo. Kihariri hiki hakilipiwi, msimbo wake unasomwa na yeyote, na bado mfumo ulio huria hauna habari nacho.

Sababu ni leseni. Microsoft ilitangaza VS Code Aprili 2015, na Novemba mwaka huohuo ikauweka msimbo wake wazi kwenye GitHub chini ya leseni huria ya MIT. Mradi huo huria unaitwa Code - OSS. Faili unayoipakua kwenye tovuti ya VS Code hujengwa kutokana na msimbo huo, kisha huongezwa nembo ya Microsoft, mipangilio ya kukusanya takwimu za matumizi na njia ya kuingia kwenye soko lake la viendelezi, yaani nyongeza za kihariri. Bidhaa hiyo iliyokamilika ina leseni nyingine, na hiyo si huria. Debian ina miongozo ya programu huria tangu 1997, na programu isiyoitimiza haiingii katika hazina yake kuu, yaani ghala lake la vifurushi.

Sasa, `apt`, zana inayosakinisha programu, haitafuti intaneti nzima. Husoma orodha ya hazina zilizoandikwa kwenye `/etc/apt/sources.list` na ndani ya folda ya `/etc/apt/sources.list.d/`, basi. Kwa hiyo kusakinisha VS Code ni kazi mbili kwa pamoja: kuweka programu, na kuutambulisha mfumo kwa hazina mpya pamoja na ufunguo wa kuthibitisha saini zake. Ukilielewa hilo, makosa mengi utakayokutana nayo yatajieleza yenyewe.

Anza kwa kujua kompyuta yako ni ya aina gani: `dpkg --print-architecture`. Ikijibu `amd64`, ni prosesa ya Intel au AMD ya biti 64. Majibu `arm64` na `armhf` ni ya prosesa za familia ya ARM. Pakua faili ya `.deb` inayolingana na jibu hilo, kisha:

`cd ~/Downloads`
`sudo apt install ./code_*.deb`

Usiiache ile `./`. Bila hiyo, `apt` huchukulia kwamba umetaja jina la kifurushi kilichomo kwenye hazina, na utarudi kwenye kosa lilelile la mwanzo. Ukiiweka, inajua unazungumzia faili iliyo mbele yake. Nenosiri unaloandika huenda lisionekane kwenye skrini, hata kwa nyota. Andika tu, ubonyeze Enter.

Maelekezo mengi ya zamani husema utumie `sudo dpkg -i`. Amri hiyo hufungua kifurushi lakini haiendi kutafuta maktaba ambazo programu inazitegemea, kwa hiyo ikikosekana hata moja, kihariri hubaki nusu kimesakinishwa. Ukishafika hapo, `sudo apt install -f` huleta kilichopungua na kumaliza kazi. Mwishoni mwa `apt install` unaweza pia kuona ujumbe unaoanza na `N: Download is performed unsandboxed as root`. Herufi N ni taarifa, wala si kosa: mtumiaji wa ndani aitwaye `_apt` hana ruhusa ya kusoma folda yako ya nyumbani. Upuuze.

Wakati wa kusakinisha, kifurushi kinaweza kuuliza kama kiongeze hazina ya Microsoft. Kubali. Ukikataa, kihariri kitafanya kazi, lakini `sudo apt upgrade` haitakiletea masasisho, na itakubidi upakue faili upya kila toleo linapotoka. Kihariri kinachofungua msimbo wa watu wengine hakifai kukaa bila masasisho ya usalama.

Hazina hiyo ndiyo inayozaa makosa mawili yanayowasumbua watu zaidi. La kwanza ni `NO_PUBKEY EB3E94ADBE1229CF` unapoendesha `sudo apt update`: hazina imeandikwa, ufunguo haupo. Dawa ni kuuchukua ufunguo kutoka `https://packages.microsoft.com/keys/microsoft.asc` na kuuweka mahali ambapo faili ya hazina inauelekeza. Wapo wanaoshauri kuandika `trusted=yes` kwenye mstari wa hazina, yaani iaminiwe bila saini, ili kosa lipotee. Tafadhali usifanye hivyo. Saini ndiyo inayokuhakikishia kwamba kifurushi hakikubadilishwa njiani, na kifurushi husakinishwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo mzima.

La pili ni `Conflicting values set for option Signed-By`. Hili huja pale hazina ileile inapoandikwa mara mbili, kwa mfano uliiongeza kwa mkono kisha kifurushi nacho kikaandika ya kwake. Tazama ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, ukikuta `vscode.list` na `vscode.sources` zote zipo na zinataja anwani moja, futa moja, kisha rudia `sudo apt update`.

Njia nyingine zipo, nazo ni mifumo ya vifurushi ya Snap na Flatpak. Kwa Snap, kihariri husakinishwa kwa `sudo snap install code --classic`. Neno `--classic` ni la lazima, kwa sababu snap za kawaida hufungiwa zisiguse mfumo, ilhali kihariri kinahitaji kuviona vikusanyaji (compilers), Git na folda zako zote. Flatpak ndiyo inayowachanganya wanaoanza: ya kwenye Flathub, ghala la programu za Flatpak, hukaa ndani ya uzio wake, na terminali ya ndani ya kihariri huona zana zilizomo kwenye uzio huo. Umesakinisha Node au Go kwenye kompyuta, kihariri kinasema hakuna. Zana zipo, ila ziko upande wa pili. Ukiweka `flatpak-spawn --host` mbele ya amri, huifikisha huko. Kwa mtu anayejifunza kuandika programu, `.deb` itampunguzia maumivu ya kichwa.

Anayetaka programu huria tupu achukue VSCodium, inayojengwa kutoka msimbo uleule bila nyongeza za Microsoft. Gharama yake ni kwamba viendelezi hutoka Open VSX badala ya soko la Microsoft, na baadhi havipatikani huko.

Kihariri kimefunguka? Nenda kwenye folda ya mradi na uandike `code .`, nukta hiyo humaanisha folda uliyomo. Usiandike `sudo code`. Kihariri chenyewe hukataa kuendeshwa hivyo bila vigezo vya ziada, na kina haki, maana kila kiendelezi kingepata mamlaka juu ya kompyuta nzima. Ukihariri faili ya mfumo, fungua kihariri kawaida. Wakati wa kuhifadhi kitakupa nafasi ya kuingiza nenosiri kwa faili hiyo peke yake.

Kwenye mradi mkubwa unaweza kuambiwa kwamba kihariri kimeshindwa kufuatilia mabadiliko ya faili. Kiini cha Linux huweka kikomo cha vitu ambavyo mtumiaji anaweza kuvifuatilia. Kitazame kwa `cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`. Kukipandisha, weka mstari `fs.inotify.max_user_watches=524288` kwenye faili kama `/etc/sysctl.d/90-inotify.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Kila ufuatiliaji hula takribani baiti 1080, kwa hiyo kikomo hicho kikijaa chote ni kama megabaiti 540 za kumbukumbu. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo, ni busara zaidi kuondoa folda kama `node_modules` kwenye ufuatiliaji, kupitia mpangilio wa `files.watcherExclude`.

Na ukitaka kukiondoa ili uanze upya, `sudo apt purge code` huondoa programu tu. Mipangilio yako hubaki `~/.config/Code` na viendelezi `~/.vscode`, kwa hiyo kiendelezi kilichokuwa kikileta matatizo kitarudi nacho siku utakapokisakinisha tena, usipozifuta folda hizo mbili mwenyewe.