Metro si lazima ipite chini ya ardhi

Metro ni mfumo wa treni unaohudumia jiji moja na vitongoji vyake, wenye reli ambazo hazikatizwi na barabara yoyote, na treni zinazofuatana kwa karibu kiasi kwamba abiria hana haja ya kuangalia ratiba. Maana yake ni hiyo. Ninaiandika kwa sababu nimemsikia tena mtu akimkosoa ndugu yake aliyerejea kutoka Dubai, kwamba treni aliyoipanda huko si metro, maana ilipita juu. Aliyekosolewa alinyamaza, ilhali ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndani ya neno hilo hamna ardhi wala handaki. Wagiriki wa kale waliita metropolis, yaani mji mama, ule mji ambao watu wake walitoka kwenda kuanzisha miji mingine ng'ambo. Baadaye likawa jina la jiji kubwa lolote, na katika Kanisa la Kiorthodoksi askofu mwenye cheo kilichotokana na neno hilo huitwa Metropolitani hadi leo. Januari 1863 kampuni iliyoitwa Metropolitan Railway, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Reli ya Jiji, ilifungua njia yake London kati ya Paddington na Farringdon. Jina lilitaja mahali inapohudumu, halikutaja kina chake. Paris ilipofungua reli yake ya métropolitain mwaka 1900, wenyeji walilifupisha neno likawa métro, na ufupisho huo ndio uliosambaa duniani.

Ni kweli kwamba njia ile ya London ilipita chini, lakini ilipita chini kwa kukosa nafasi juu. Wajenzi walichimbua barabara, wakatandika reli, kisha wakafunika. Anayesimama leo kwenye majukwaa ya zamani ya kituo cha Baker Street huona katika kuta za matofali matundu makubwa yaliyoinama kuelekea juu, yaliyowekwa ili mwanga uingie na moshi wa vichwa vya treni vya mvuke utoke. Handaki lilikuwa njia ya kukwepa msongamano, na msongamano unaweza kukwepwa kwa namna nyingine pia: metro ya Dubai, iliyoanza mwaka 2009, kwa sehemu kubwa hupita juu ya nguzo, na hata London, ambako mfumo wenyewe unaitwa Underground, zaidi ya nusu ya reli ziko nje, juani na mvuani.

Wapo pia wanaosema kwamba SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ni metro kwa sababu ya kasi yake. SGR ya Tanzania imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na kazi yake ni kuunganisha mji na mji. Treni za London, pamoja na vituo vyote, huenda kwa wastani wa kilomita 33 hivi kwa saa. Abiria wa metro huwahi kwa sababu hangoji sana kituoni, na treni yake haikutani na taa za barabarani.

Basi ndugu yule alipanda metro. Na anayekusudia treni ipitayo handakini anaweza kusema treni ya chini ya ardhi, na ataeleweka vizuri.