Printa ya Ofisi Inapoandika "Offline": Dhana Potofu na Ukweli

Umeme ukikatika saa 4 asubuhi na kurudi saa 5, simu yangu huanza kuita: fundi, printa imekufa. Nikifika naikuta nzima. Taa ya kijani inawaka, karatasi zipo, ukiweka kitambulisho juu ya kioo inatoa kopi safi. Ila kila kompyuta ofisini inaandika "Offline", yaani printa haipatikani. Na karibu kila mara nakuta mtu ameshaifuta printa kwenye kompyuta yake ili aisakinishe upya, kwa hiyo kazi ya dakika 10 imeshakula nusu siku. Inaniuma, kwa sababu watu wamelipia mashine nzuri wakakosa kuambiwa mambo machache tu.

Dhana: "Offline" maana yake printa imeharibika, au draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) imeharibika.

Mara nyingi kilichobadilika ni anwani. Kila kifaa kwenye mtandao wa ofisi kina anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha humo, na kwa kawaida anayezigawa ni ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, tena huzigawa kwa muda. Siku printa ilipofungwa ilipewa, tuseme, 192.168.1.45, na kompyuta zikaandikiwa hivyo. Umeme umerudi, vifaa vyote vimewaka kwa pamoja, ruta imegawa upya, na safari hii printa imepata 192.168.1.52. Kompyuta zinaendelea kupiga hodi nyumba ambayo mpangaji ameshahama. Kusakinisha draiva upya kunaweza kuleta nafuu leo, lakini umeme ukikatika tena mtarudi palepale.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, iulize printa yenyewe. Ingia menyu yake ya mtandao, au chapa ukurasa wa mipangilio, usome anwani. Kisha fungua sifa za printa kwenye kompyuta, sehemu ya poti (Ports), uone anwani iliyoandikwa kule. Zikitofautiana, umeshapata ugonjwa.

Dawa ya kudumu ni kuitengea printa anwani ndani ya ruta kwa kutumia namba yake ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa chenyewe, yenye herufi na tarakimu jumla 12, ili ipewe anwani ileile kila inapowaka. Njia nyingine ni kuiandikia printa yenyewe anwani isiyobadilika. Hapo kuwa makini sana: kama ruta inagawa anwani ambazo namba yake ya mwisho ni kuanzia 100 hadi 200, ipe printa 20, nje ya fungu hilo. Ukiiandikia 150, ipo siku ruta itampa mtu mwingine 150 hiyohiyo, na mtaanza kusumbuliwa na printa inayochapa asubuhi na kugoma mchana. Hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuifukuzia kuliko printa iliyokufa kabisa.

Ukikuta anwani inaanza na 169.254, printa haijapewa kitu na ruta. Achana na kompyuta, kagua waya na swichi (kifaa kinachounganisha waya za mtandao).

Ipo pia "Offline" ya uongo. Anwani ni sahihi, ila Windows inaiuliza printa hali yake kwa njia ya SNMP (utaratibu wa vifaa vya mtandao kuulizana hali), haijibiwi, inaamua kwamba haipo. Kwenye mipangilio ya poti ya TCP/IP, ileile yenye anwani ya printa, kuna kisanduku cha SNMP. Ondoa tiki, jaribu tena.

Dhana: Bando likiisha hakuna kuprinti.

Kazi inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta au swichi, inaingia kwenye printa, yote humohumo ofisini. Intaneti inahitajika kwa kutuma skani kwa barua pepe, au kuchapa kupitia huduma za mbali.

Dhana: Waifai ni waifai tu.

Mtandao wa wageni kwa kawaida hutengwa na vifaa vya ofisi, kwa hiyo aliyejiunga nao anapata intaneti lakini haioni printa. Printa nyingi nazo zinatumia masafa ya GHz 2.4 peke yake. Jina la mtandao wa GHz 5 halitaonekana kwenye kioo chake hata uisogeze karibu na ruta. Kama printa ina tundu la waya wa mtandao, tumia waya.

Dhana: Karatasi isipotoka, tuma tena.

Kazi moja iliyokwama huzuia zote zilizo nyuma yake, na ikija kufunguka zinatoka kopi 15 za barua moja. Futa foleni kwanza. Ikigoma kufutika, simamisha huduma ya Windows inayosimamia foleni, iitwayo Print Spooler, safisha folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha iwashe huduma hiyo tena. Waarifu wenzako kabla, maana kazi zote zinazosubiri kwenye kompyuta hiyo zitapotea.

Dhana: Printa ya leza iwekwe kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) isiathirike na umeme.

Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwa joto, na kila inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo ya mezani huzidiwa, na watengenezaji wa UPS wenyewe wanashauri usiichomeke kwenye matundu ya betri. Vinavyofaa kukaa hapo ni ruta na swichi. Vinakula umeme kidogo, na ruta isipozimika haina sababu ya kusahau anwani ilizogawa.