Jamii ya asili si jamii iliyotangulia kufika: mfano wa Baringo

Mjadala kuhusu ardhi ya Kaunti ya Baringo nchini Kenya haukawii kufika mahali ambapo mtu atasema kwamba Waendorois, wafugaji wa kando ya Ziwa Bogoria, hawawezi kuitwa jamii ya asili, kwa kuwa si wao waliotangulia kufika huko, na kwamba isitoshe wao ni Watugen, jirani zao wa milimani, waliojipa jina jingine. Wengine huishika hoja hiyo kwa upande wa pili wakasema kwamba Waafrika wote ni wa asili, kwa hiyo hakuna jamii inayostahili kuitwa hivyo peke yake. Kauli zote mbili hutolewa na watu makini, na zote mbili zinatokana na kutoielewa dhana yenyewe.

Kwa maana inayotumiwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika, jamii ya asili ni ile inayojitambua yenyewe kuwa hivyo, ambayo maisha, imani na utamaduni wake vimefungamana na ardhi mahususi kiasi kwamba ikiondolewa hapo haiwezi kuendelea kuwa jamii ileile, na ambayo imetengwa au kunyang'anywa ardhi kwa sababu namna yake ya kuishi haikupewa thamani na wenye mamlaka. Katika maelezo hayo hakuna sharti la kutangulia kufika.

Wazo la kutangulia lilitoka mbali. Huko Marekani na Australia walowezi walivuka bahari, wakatwaa nchi na wakabaki, hivyo mpaka kati ya mwenyeji na mgeni ulionekana wazi, na kuuliza nani alikuwapo kwanza kulitosha. Barani Afrika utawala wa kikoloni uliondoka, lakini sheria zake za ardhi zilibaki, pamoja na imani yake kwamba ardhi isiyolimwa wala kuzungushiwa ua haina mwenyewe. Kikundi kazi cha Tume kiliichambua tofauti hiyo katika ripoti iliyopitishwa mwaka 2003, kikakubali kwamba Waafrika kwa ujumla ni wenyeji wa bara lao, kisha kikaeleza kwamba dhana hii inashughulikia jambo jingine, yaani hali ya wafugaji na wawindaji ambao dola huru ziliendelea kuwatendea kana kwamba hawana ardhi.

Baringo yenyewe inaonyesha kwa nini swali la kutangulia halitufikishi popote. Katika Milima ya Tugen yaligunduliwa, mwaka 2000, mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa kale anayedhaniwa kuwa wa ukoo wa binadamu, yenye umri wa takriban miaka milioni 6, na hakuna jamii ya leo inayoweza kuyadai. Watugen wanaishi milimani na kwenye miteremko yake, Wapokot wako kaskazini upande wa Tiaty, Wailchamus wanaozungumza lahaja ya Kimaa wako kusini mwa Ziwa Baringo na visiwani, na Waendorois wako kando ya Ziwa Bogoria. Kwa vizazi vingi watu hawa wameoana, wamepigania malisho, wamepatana na kuhama kwa kufuata mvua. Anayetaka kuwapanga foleni kwa tarehe za kufika atapata masimulizi manne yanayopingana, na kila moja lina wazee wa kulithibitisha.

Suala la Waendorois ni tofauti, na linaeleweka vizuri zaidi mtu anapolitazama ziwa. Maji ya Bogoria ni ya chumvi na magadi, hayanyweki, na kwenye kingo zake chemchemi za moto hutokota na kurusha mvuke. Kwa mfugaji, hata hivyo, ardhi ya kandokando ya ziwa hilo ina chumvi ambayo ng'ombe na mbuzi huilamba na kupata nguvu. Waendorois husimulia kwamba babu yao mkuu, Dorios, alishuka kutoka mbinguni akakaa katika msitu wa Mochongoi, na kwamba ziwa lilitokea ardhi ilipodidimia usiku mmoja. Roho za waliozama bado zimo humo, na mahali pa ibada na tohara pamefungamana na maji hayo.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyamapori, wakati huo ziwa likiitwa Hannington kwa jina la askofu Mwingereza aliyepita huko mwaka 1885, na mwaka 1978 tangazo lilirudiwa kwa jina la Bogoria. Waendorois walihamishiwa kwenye ardhi kame, na mifugo mingi ikafa. Kesi ya Waendorois dhidi ya serikali ya Kenya ilipofika mbele ya Tume, serikali ilidai kwamba hawa ni ukoo miongoni mwa Watugen, na kwamba kuingia kwao katika maisha ya kisasa kumefifisha upekee wao. Tume ilizikataa hoja zote mbili. Uamuzi wake, uliotangazwa Februari 2010, haukusema kwamba Waendorois walifika kabla ya Watugen. Ulisema kwamba wana uhusiano na ziwa hilo ambao hawawezi kuuhamishia kwingine, kwamba wanajitambua kama jamii ya pekee, na kwamba ardhi hiyo warudishiwe na wafidiwe.

Hoja ile ya maisha ya kisasa inastahili kusemewa zaidi, kwa kuwa bado inaaminiwa na wengi. Katika karne ya 19 Wailchamus walikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, wakauza nafaka kwa misafara iliyotoka pwani, na mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson aliwakuta hivyo mwaka 1883. Baadaye ufugaji ulishika nafasi kubwa zaidi, na uvuvi haukuachwa. Jamii iliyobadilika kiasi hicho haijapoteza uasili wake, kwa sababu dhana hii haidai watu waishi kama babu zao walivyoishi. Wailchamus hao hao walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya wakilalamika kwamba kwa uchache wao katika jimbo la Baringo ya Kati hawangeweza kupata mbunge wao, na mwaka 2006 mahakama ikawatambua kuwa jamii ya wachache. Hapo kilichopimwa ni idadi na uwakilishi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 260, inaeleza pia jamii iliyotengwa, ambayo inaweza kuwa ya wafugaji, ya wawindaji au nyingineyo. Jamii moja inaweza kuingia katika makundi yote matatu, yaani ya asili, ya wachache na iliyotengwa, lakini kila moja lina kipimo chake, na kuyachanganya ndiko kunakozaa mabishano haya yote.

Kwa hiyo anayetilia shaka madai ya Waendorois angefanya vyema kuuliza kama wanajiona jamii moja, kama ibada na mifugo yao vinategemea Bogoria, na kama waliondolewa huko bila ridhaa yao. Akiwa na majibu tofauti na yale ya Tume, ayatoe, kwani huo utakuwa mjadala wa haki. Nao Watugen na Wapokot hawageuki wageni katika Baringo kwa sababu jirani yao ameitwa wa asili, na hakuna mahali popote katika uamuzi ule paliposema hivyo.